Dhiki Inayosimuliwa: Baba na Mtoto katika Kumbukumbu ya Kariakoo

Miongoni mwa mambo ambayo mtoto wa mjini huyapokea kwa baba yake kabla hajajua hata kusoma, simulizi za dhiki zina nafasi ya pekee, kwa sababu ndizo zinazomfahamisha kwamba chumba anacholala, ada anayolipiwa na sahani iliyo mbele yake vilitanguliwa na wakati ambapo havikupatikana. Mhadhara huu unazichunguza simulizi hizo kama zinavyosemwa Kariakoo, Dar es Salaam, na katika mitaa inayopakana nayo, yaani Gerezani, Jangwani na Ilala, na unashika zaidi kipindi kimoja, miaka ya uhaba wa bidhaa kuanzia 1978 hadi 1986, kwa kuwa kizazi kilichokipitia kikiwa na nguvu zake ndicho kinachozeeka hivi sasa mbele ya macho ya wana na wajukuu. Hoja inayotetewa ni kwamba simulizi ya baba kuhusu dhiki husimama pale inapowaacha watu wengine waliokuwepo waonekane ndani yake. Baba anapobaki peke yake katikati ya habari, shida aliyoipata hugeuka deni analomdai mwanawe, na historia ya mji, ambayo ingeweza kuokolewa kwa kinywa chake, hupotea.

Wanahistoria wanaoshughulika na habari za mdomo hutenga vitu viwili ambavyo wasikilizaji wengi huvichanganya. Jan Vansina, mwanahistoria wa Kibelgiji aliyefanya utafiti wake Kongo na Rwanda, alitumia dhana ya mapokeo simulizi kwa habari zilizopita mdomo kwa mdomo kutoka kizazi kimoja hadi kingine, na akazitenga na historia simulizi, ambayo ni ushahidi wa mtu anayeeleza aliyoyaona mwenyewe katika maisha yake. Simulizi ya baba iko mpakani mwa viwili hivyo, kwani inapotoka kinywani mwake ni ushahidi, na siku mtoto atakapomweleza mwanawe itakuwa imeanza kuwa mapokeo. Hapo mpakani ndipo mengi hudondoka. Bei ya kitu, jina la jirani, mwezi na mwaka huanguka kwanza, na kinachovuka salama mara nyingi ni fundisho peke yake, ambalo bila mambo hayo halina cha kulishikilia.

Dhiki inayozungumzwa haikuja kwa siku moja wala kwa sababu moja. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani kote baada ya 1973, ukame wa 1973 na 1974 ukailazimisha Tanzania kuagiza nafaka kutoka nje, mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka mengi ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika kabla hayajajiandaa kubeba kazi hiyo, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kisha majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavamia Kagera mwezi Oktoba 1978, vita vikaendelea, Kampala ikatekwa Aprili 1979, na gharama yake ikaiangukia nchi iliyokuwa tayari imeishiwa fedha za kigeni, wakati mafuta yakipanda bei kwa mara ya pili. Serikali iliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na wazee wengi wa Kariakoo, wanapofika hapa katika maelezo yao, huongeza kwamba mkanda huo haukuwahi kutangazwa kufunguliwa.

Katika ngazi ya nyumba, uhaba ulikuwa na mpangilio wake ambao mtoto wa leo hawezi kuukisia asipoelezwa hatua kwa hatua. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, unga, mchele na khanga vilikuja kwa mgao, yaani kwa kiasi kilichopangwa kwa kila kaya, na mgao wenyewe ulipitia duka la ushirika na mara nyingi kwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama aliyesimamia kundi la nyumba jirani na aliyejua kila nyumba ina walaji wangapi. Taarifa kwamba sabuni imefika ilisambaa alfajiri. Waliowahi walipanga foleni, na wale waliopaswa kwenda kazini waliacha jiwe, kikapu au ndoo mahali pao, na jiwe hilo likaheshimiwa au lisiheshimiwe kulingana na nani alikuwa nyuma yake. Pale sabuni ilipokosekana kabisa, nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Unga wa mahindi ya njano uliotoka Marekani uliitwa na wakazi unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi ya klabu ya Jangwani, na kwa mashabiki wa Simba waliokaa mtaa wa pili, Msimbazi, utani huo ulikuwa sehemu ya namna ya kumeza ugali ambao wengi hawakuuzoea. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana ili kuokoa mafuta, na mabasi ya UDA, Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yalipungua kwa kukosa vipuri hata watu wakatembea kwa miguu kutoka Kariakoo hadi Ubungo au Temeke baada ya kazi.

Mambo haya akina baba huyaeleza kwa moyo mkunjufu, na mara nyingi kwa kicheko, kwa kuwa foleni ilikuwa ya wote na haikumwaibisha mtu. Yako mengine ambayo hayasimuliwi kwa wepesi huo. Mwezi Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilianza operesheni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na ikafuatiwa na sheria maalumu ya uhujumu uchumi ya mwaka huohuo; mlanguzi ni mtu anayenunua bidhaa adimu na kuziuza kwa bei ya juu kuliko iliyowekwa na serikali. Mamia ya watu walikamatwa, na usiku bidhaa zilitupwa mitaroni na baharini na watu walioogopa kukutwa nazo. Wananchi wengi waliiunga mkono operesheni kwa dhati kwa sababu walikuwa wamechoka kuuziwa sukari chini ya kaunta, na kifo cha Sokoine katika ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984 kiliwaliza watu ambao hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Hata hivyo, mwananchi aliyelia siku hiyo aliweza kuwa ndiye yuleyule aliyenunua sabuni ya magendo wiki moja kabla, kwa sababu bila magendo nyumba haikwenda. Baba anayeweza kumwambia mwanawe mambo yote mawili kwa pamoja, kwamba aliichukia biashara ya ulanguzi na kwamba aliishi kwayo, anampa mtoto kitu ambacho hakimo katika vitabu vya shule, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi huchagua nusu moja na kuifunika nyingine.

Kimya ni kizito zaidi kuhusu msako wa wasio na kazi. Mwaka 1976 ilikuwepo operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi, na mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, ambayo ilimtaka kila mkazi awe na kitambulisho cha kazi inayotambuliwa. Aliyekosa alihesabiwa mzururaji na aliweza kukamatwa barabarani na kurudishwa kijijini alikotoka, au kijiji chochote kilichohitaji nguvu ya shamba. Vijana waliouza karanga, maji na sigara moja moja katika mitaa ya Msimbazi na Kongo walizoea kukimbia. Baadhi ya waliokimbia ndio baadaye waliofungua maduka ya jumla katika mitaa hiyohiyo, na watoto wao, wanaoziona meza za machinga zikiondolewa barabarani, wanastahili kuambiwa kwamba baba mwenye duka naye aliwahi kuitwa mzururaji. Simulizi ya namna hiyo inapofichwa, mtoto hurithi duka pamoja na dharau kwa anayeuza mbele ya duka.

Kwa mizani ya mhadhara huu, pengo kubwa kuliko yote ni lile linalomhusu mama. Kadiri bei zilivyopanda na mshahara ukabaki palepale, kazi ya ofisini, bandarini au kiwandani iliacha kutosha mwezi mzima, na kwa kaya nyingi haikutosha hata wiki. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na kuuchapisha kama kitabu mwaka 1997, alionyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya mapato ya kaya za mjini ilitoka katika shughuli zisizo rasmi, na kwamba wanawake, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kufanya biashara, waliingia humo kwa wingi. Shughuli hizo ziliitwa miradi. Mama aliamka saa 10 alfajiri kuumua maandazi au kukaanga vitumbua. Mwingine alifuga kuku uani, mwingine akauza barafu kwa watoto wa shule, mwingine akashona, na karibu wote walicheza upatu, utaratibu ambao wanachama huchangia kiasi kilekile kila wiki au kila mwezi na fungu lote likachukuliwa na mmoja wao kwa zamu. Fungu la upatu ndilo lililolipa kodi ya chumba au kununua gunia la unga. Ada ya mtoto, ambayo leo baba huitaja kama ushahidi wa jasho lake, katika nyumba nyingi ilitokana na sinia la vitumbua.

Haisemwi hapa kwamba akina baba hudanganya. Wengi walijinyima kweli, walitembea kweli kutoka Ubungo, na waliona aibu isiyosemeka kurudi nyumbani mikono mitupu. Kasoro iko katika umbo la simulizi walilolirithi, na umbo hilo lina asili yake katika wasia, utungo wa mawaidha ambao mzazi humwachia mwana ili umwongoze baada yake. Fasihi ya Kiswahili imeupa wasia heshima kubwa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na mama wa Pwani ya Kaskazini kwa ajili ya binti yake katikati ya karne ya 19, husomwa hadi leo, na Shaaban Robert aliyaweka katika kitabu chake Maisha Yangu mawaidha marefu kwa wanawe, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, kando ya habari za maisha yake mwenyewe. Katika wasia mzazi husema na mtoto husikiliza, na masaibu ya mzazi huingizwa kama hoja ya kuthibitisha amri. Baba wa Kariakoo anapoanza kueleza habari za foleni katikati ya kumkemea kijana aliyeacha chakula, ameshaingia katika umbo hilo bila kukusudia, na kijana naye anajua kwamba hatakiwi kuuliza swali, kwa sababu amri haina maswali. Ndiyo maana vijana wengi wanaweza kukariri maneno ya baba zao kuhusu unga wa njano, na bado wasiweze kueleza kwa nini unga huo ulikuwa umetoka Marekani.

Saikolojia ina jambo la kuongeza, ingawa halipaswi kuvutwa kupita kiasi. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliandaa maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu familia yake, kama vile wazazi walikutana wapi na ni misiba au magonjwa gani yaliyowahi kuipata nyumba, na wakaona kwamba watoto waliojua zaidi walielekea kuwa na hali bora ya kujiamini. Waligundua pia kwamba simulizi za familia hazina nguvu sawa: ile inayopanda tu, kutoka ufukara hadi utajiri, na ile inayoshuka tu, kutoka neema hadi mashaka, zote huwa na manufaa madogo kuliko ile inayopanda na kushuka huku familia ikibaki pamoja. Watafiti hao hawakudai kwamba simulizi ndizo zilizoleta kujiamini, kwani nyumba inayozungumza huenda ina mambo mengine mema. Inatosha kuona kwamba maelezo yenye kushindwa ndani yake hayamvunji mtoto moyo, kama baba wengi wanavyohofu.

Kariakoo penyewe pamejengwa juu ya dhiki ambayo karibu hakuna baba aliyeisimulia. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, eneo hilo lilifanywa kambi ya kikosi cha wapagazi, watu waliobebeshwa chakula na risasi za jeshi kwa kuwa barabara na wanyama wa mizigo vilishindwa. Jina la mtaa lilitokana na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika Vita hivyo vya Kwanza vya Dunia, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya mji, inaonyesha mwanajeshi mwenye bunduki, huku wapagazi wakitajwa kwa maneno tu chini yake. Wengi hawakurudi kwao wakasimulia, na waliorudi walikuwa mbali na wino.

Upande wa pili wa vita hivyohivyo alikuwepo kijana ambaye habari zake hazikupotea. Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894, mtoto wa askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji, alipigana chini ya kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akafanya kazi ya reli chini ya Waingereza, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mjini Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1949. Mwanawe Abdulwahid, aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuja kuwa msimamizi wa soko la Kariakoo na mmoja wa waanzilishi wa chama cha TANU mwaka 1954. Maisha ya Kleist yaliandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, binti wa Abdulwahid, na kuchapishwa mwaka 1973 katika mkusanyo uliohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Baadaye mwandishi Mohamed Said aliandika maisha ya Abdulwahid kwa kutumia nyaraka za familia pamoja na kumbukumbu za wazee wa Gerezani na Kariakoo, akidai kwamba historia rasmi ya uhuru ilikuwa imewaacha nje watu wa mitaa hiyo. Mtu anaweza kubishana na madai ya Mohamed Said, na wengi wamebishana nayo, lakini ubishi wenyewe umewezekana kwa sababu katika ukoo ule masimulizi ya wazazi yalikuwa na majina, tarehe, mikutano na mahasimu, hivyo mtoto na mjukuu walipata kitu cha kuchunguza pamoja na kitu cha kujivunia.

Swali linalofuata ni la mahali simulizi hizi ziliposemwa. Nyumba ya Kariakoo iliyozoeleka, iliyoitwa nyumba ya Kiswahili, ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele inayotazama mtaa. J. A. K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyeuchunguza mji mwaka 1956, aliandika kwa kirefu juu ya nyumba hizo, ambamo mwenye nyumba na wapangaji wa makabila mbalimbali waliishi chini ya paa moja. Jioni baba alisimulia barazani. Aliposema kwamba aliwahi foleni ya kwanza siku ya sukari, alikuwepo mzee mwenzake wa kumkumbusha kwamba siku ile yeye alikuwa amelala na aliyewahi alikuwa shemeji yake. Mama alisikia kutoka ukumbini na aliweza kuongeza neno. Mtoto wa mpangaji alisikiliza pamoja na mtoto wa mwenye nyumba. Simulizi ilisahihishwa palepale, mbele ya mtoto, na mtoto akajifunza kwamba kukumbuka ni kazi ya watu wengi.

Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa kwa bajeti ya 1984 iliyoruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na zaidi baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwezi Novemba 1985, ardhi ya Kariakoo ilianza kupanda thamani kwa kasi. Nyumba za Kiswahili zilivunjwa moja baada ya nyingine, ghorofa zenye maduka chini zikajengwa, na familia nyingi zikauza au kuingia ubia na wajenzi kisha zikahamia Mbagala, Tabata au Gongo la Mboto. Hakuna sababu ya kuwalaumu waliouza, kwani wengine walipata kwa mara ya kwanza fedha za kusomesha watoto hadi chuo kikuu. Lakini baraza iliondoka, na pamoja nayo wakaondoka mashahidi. Baba sasa husimulia sebuleni, mbele ya runinga, bila mzee mwenzake wa kumsahihisha, na ndani ya ukimya huo ni rahisi akabaki mtu mmoja tu katika habari ya karibu miaka kumi.

Wakati huohuo dhiki mpya inapata wasimulizi wake. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko kuu la Kariakoo, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kuzinduliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, na wafanyabiashara wakasimama nje wakitazama mitaji yao ikiungua, mingi ikiwa ya mikopo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka katika mtaa huohuo na kuua watu zaidi ya 20, huku waokoaji wakifukua kifusi kwa siku kadhaa. Baba aliyepoteza mzigo wake au ndugu yake katika matukio haya ana watoto waliokuwepo, waliomwona akirudi nyumbani, na waliosikia simu za wakopeshaji. Hawezi kuwasimulia kama mshindi kwa sababu shida bado haijaisha, na kwa sababu hiyohiyo ana nafasi ambayo babu zao waliikosa: anaweza kueleza mambo wakati mama, jirani na mdai wake wote wangali hai na wanakumbuka.

Kwa kizazi cha foleni muda ni mfupi zaidi. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka wa operesheni ya wahujumu uchumi amevuka 70. Simu iliyo mkononi mwa mjukuu ina kinasa sauti, na kazi haihitaji chuo wala ruhusa ya mtu yeyote, ila inahitaji wazazi wote wawili waketi pamoja, na akipatikana mpangaji wa zamani aitwe pia. Maswali ya kuanzia yanaweza kuwa madogo kabisa: kilo ya sukari ilikuwa bei gani kwa ushirika na bei gani kwa magendo, balozi wa nyumba kumi alikuwa nani na alipendelea nyumba ipi, jiwe liliwekwa na nani siku baba alipokuwa zamu ya usiku, mama alipata wapi mtaji wa unga wa maandazi ya kwanza, na nani alikuwa wa kwanza kupokea upatu.